Kwa Anayeanza Kujenga Leza ya Pete: Ijue Pete Kwanza

Anayejenga kwa mara ya kwanza leza ya pete ya faiba (uzi wa kioo uliofungwa duara ili mwanga uzunguke ndani yake) yenye kikuza mwanga cha semikondakta hukimbilia mapigo mafupi kabla hajaijua pete yake, na hapo ndipo majuma hupotea. Pete ya mita 20 huzungukwa na mwanga kwa nanosekunde 98 hivi, kwa hiyo masafa yake ya msingi, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, ni karibu megahezi 10.2, na modyuleta (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) iliyomo ndani lazima iendeshwe kwa kizidisho kamili cha masafa hayo. Ukitaka mapigo bilioni 10 kwa sekunde, unatafuta kizidisho cha 980 hivi, ambapo kosa dogo tu la masafa huyavuruga mapigo yote.

Mimi niliwahi kufunga modi asubuhi, yaani kuifanya leza itoe mapigo yaliyopangika, nikaenda kula, nikarudi na kukuta ukungu mtupu badala ya mapigo kwenye skrini. Nilibadili mkondo wa umeme wa kikuza, nikageuza vidhibiti vya polaraizesheni (uelekeo wa mtetemo wa mwanga), nikasafisha viungio visivyo na uchafu wowote, hadi jioni nilipotambua kwamba mtu alikuwa amezima kiyoyozi. Badiliko la nyuzijoto 1 ya Selsiasi kwenye faiba husogeza masafa ya gigahezi 10 kwa kilohezi 75 hivi. Tangu hapo faiba yangu hukaa ndani ya sanduku la povu, na joto la chumba naliandika daftarini kando ya masafa.

Kikuza cha semikondakta kina fadhila yake: hurejesha nguvu ndani ya mamia ya pikosekunde au pungufu, ilhali kikuza cha faiba yenye madini ya erbiamu huchukua milisekunde zipatazo 10, hivyo pigo lililozidi wenzake hukuzwa kidogo na safu ya mapigo husawazika. Gharama yake ni kwamba rangi ya mwanga huhama ndani ya pigo lenyewe, ingawa kipande cha faiba ya kawaida nje ya pete, kwenye nanomita 1550, huweza kulibana tena. Weka aisoleta (kifaa kinachopitisha mwanga upande mmoja tu) pande zote mbili za kikuza, kwa kuwa kikuza hutoa mwanga mbele na nyuma, na uwashe kipoozi chake kabla ya mkondo.

Upana wa pigo, yaani muda linaodumu, usiusome kwenye osiloskopu: ya gigahezi 10 haioni kitu kilicho chini ya pikosekunde 35 hivi. Tumia otokorileta (kifaa kinacholinganisha pigo na nakala yake iliyocheleweshwa), kisha ugawanye upana uliopata kwa 1.54 ikiwa umechukulia kwamba pigo lina umbo la seki mraba (sech²), au 1.41 kwa umbo la Gauss, na uandike ni lipi ulilochukulia.