Maswali na majibu: mtoto wa miaka miwili hasemi, na mengine ya wiki hii

Barua za wiki hii nimezisoma zote. Nyingi zinauliza yale yale. Niliyokwisha kuyajibu nitayapitia haraka, ili nipate nafasi ya kukaa na hili la kwanza.

Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitatu. Anasema "mama" na maneno mengine mawili tu, lakini akiwekewa katuni anaimba namba za Kiingereza mpaka kumi. Jirani anasema wavulana huchelewa. Mume wangu anataka tuache Kihaya na Kiswahili tumsemeshe Kiingereza tu. Tusubiri? (Mama, Bukoba)

Usisubiri, mama. Kauli hii ya "wavulana huchelewa" imewanyima watoto wengi msaada wakati ambapo wangesaidika kwa urahisi. Mtoto wa miaka miwili anatakiwa awe anaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "taka maji". Kama bado, apimwe.

Anza na masikio. Mtoto aliyewahi kutokwa usaha masikioni anaweza kuwa anasikia nusu nusu. Mlango ukibamizwa anageuka, lakini maneno yanamfikia yamefifia. Kumpigia makofi nyuma ya kisogo si kipimo. Nenda hospitali, omba apimwe usikivu, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa kuambiwa "atasema tu".

Mwangalie pia wewe mwenyewe. Ukimwita jina anageuka? Akiona ndege anakunyooshea kidole ili nawe umwone? Anakutazama usoni? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Mweleze daktari kama ulivyoyaona.

Sasa simu. Umeandika habari ya zile namba kwa fahari, lakini kuimba si kuongea. Katuni haimsubiri mtoto. Akisema "ba", katuni inaendelea na yake. Mtu aliye karibu naye angesema, "Baba? Baba kaenda kazini," na mtoto angejua kwamba sauti yake imefika kwa mtu na imerudi na jibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: mtoto asiyefikisha miaka 2 hahitaji kabisa kukaa mbele ya kioo cha simu au televisheni, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri.

Simu ninayoisema si ile aliyoshika mtoto peke yake. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, aliwaeleza wataalamu wenzake jaribio lake. Mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha anaambiwa anyamaze na amtazame bila kubadilisha sura, kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu, anapiga kelele, ananyoosha mikono, anajaribu kila anachojua kumrudisha mama. Akishindwa, anageuza uso na kuvunjika moyo. Mimi jaribio hilo naliona kwenye daladala karibu kila siku: mama kainamia simu, mtoto yuko mapajani anatazama kidevu chake.

Fanya hivi. Ondoa katuni wiki mbili kamili. Siku tatu za kwanza atalia sana, vumilia. Ukimwosha, taja mguu, taja tumbo, taja sikio. Ukimenya ndizi mpe moja aishike, mwambie ni ndizi, mwulize, "Tule?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano huku ukimtazama. Wazazi wengi huuliza na kujijibu wenyewe kabla mtoto hajapata pumzi. Akiguna, huo mguno ni jibu, uchukue umrudishie kama neno.

Kuhusu lugha, mwambie mumeo lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Mtoto apewe lugha ambayo ninyi mnabembelezea, mnagombea na kuchekea. Kiingereza cha kuokoteza hakimfikishi popote.

Na hili hukuniuliza, lakini nyumba nyingi linazihusu. Nani anashinda na mtoto kuanzia asubuhi mpaka jioni? Kama ni dada wa kazi, basi yeye ndiye mwalimu wake wa lugha. Binti aliyezoea kufokewa na kulala wa mwisho hana moyo wa kuongea na mtoto, atamwekea katuni ili amalize kufua. Mpunguzie kazi, mlipe kwa wakati, mwonyeshe unavyocheza na mtoto, na mwambie wazi kwamba kuongea naye ni kazi sawa na kupika.

Mwanangu ana miezi minne, tukila anatukodolea macho. Nimwanzishie uji mwepesi? Na maji je, maana Dar kuna joto?

Hapana, na hapana. Maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji, hata joto la Februari unyonyeshe tu. Kukodolea macho ni udadisi, angekodolea pia ukisoma gazeti. Swali hili nalijibu kila mwezi, na kila mwezi watoto wa miezi minne wanaharishwa na uji. Tafadhali mwonyeshe na shoga yako jibu hili.

Nina mtoto wa miezi saba. Nimepewa unga wa lishe wenye mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga na mbegu za maboga. Lakini hanenepi. Niongeze nini? (Mafinga)

Usiongeze nafaka, punguza. Mahindi, mtama, ngano na mchele vyote ni kundi moja, ukivichanganya vinne mtoto hajapata aina nne za chakula. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia mwili kutumia protini. Karanga moja yenye ukungu inaharibu debe zima, maana mnasaga pamoja na mnaweka miezi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha uji.

Unaandika kutoka Mafinga, mkoa wa Iringa, kwa hiyo nisikufiche. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu, na inafuatiwa na Njombe na Rukwa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Gunia limejaa stoo, mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakunywa uji mweupe asubuhi na mchana, mayai na maharage yanapelekwa sokoni.

Chukua unga wa nafaka moja. Pika uji mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike. Ukiiva, tia kimoja au viwili: yai, dagaa waliosagwa, maziwa, karanga mbichi ulizozichagua mwenyewe moja moja ukazikaanga na kuzisaga. Baadaye mpe boga au parachichi lililopondwa, na mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta kidogo. Kwa umri wake mara 2 hadi 3 kwa siku, na akifika miezi 9 mara 3 hadi 4, huku ananyonya. Yai la kwanza litakalotagwa hapo nyumbani ni lake, si la mgeni wala la baba.

Msimkabe. Nimeona bibi anambana mtoto mikono kwa magoti, anamziba pua, anammiminia uji kinywani. Uji huo unaweza kuingia mapafuni. Kaa mtazamane, msubiri afungue mdomo.

Mtoto wa miezi saba ana kikohozi. Asali inafaa?

Hapana, asali ni mpaka atimize mwaka. Akipumua haraka au mbavu zikibonyea, mpeleke hospitali leo hii.

Mtoto wangu wa miezi mitano anaharisha na ana homa. Mama mkwe ameona "meno ya plastiki" na amempata mtu wa kuyang'oa. Nikatae?

Kataa. Toka na mtoto ikibidi. Meno ya plastiki hayapo. Ule weupe kwenye ufizi ni jino lake la kweli ambalo halijatoka, na kuharisha kunatokana na uchafu wa maji, chupa au mikono. Nikiwa muuguzi wa zamu nilimpokea mtoto aliyekwanguliwa ufizi kwa spoku ya baiskeli. Khanga aliyobebewa ilikuwa imelowa damu upande mzima wa bega la mama yake. Alipona, lakini kuna waliokufa kwa kutoka damu, kwa pepopunda na kwa maambukizi mengine. Mpe ziwa mara nyingi zaidi na umwahishe kituo cha afya, akapimwe malaria na apewe dawa ya kuharisha anayostahili. Haya yanawahusu pia wakata vimeo.

Ana miezi 13 hajatembea. Nimnunulie kigari cha kumfundishia?

Usinunue. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani: wazima kabisa walianza kutembea wakiwa na umri wowote kati ya miezi 8 na karibu 18. Kigari hakimfundishi kitu, bali kinampa mwendo ambao akili yake haijauweza. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004. Sisi tunapika kwa jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, hebu fikiria kigari na sufuria ya maharage. Mweke mkekani, mwache ashike stuli na kuinuka mwenyewe. Akifika miezi 18 bila kutembea, mlete apimwe, na siku hiyo hiyo apate chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo wengi mnaiacha.

Nina mimba ya miezi mitatu na mtoto wa mwaka mmoja amedhoofu. Ukweni wanasema nimembemenda. Nimeacha kumnyonyesha. (Lindi)

Pole sana, mwanangu. Hujambemenda mtu. Mtoto huyu ameachishwa ziwa ghafla, na chakula chake hakijaziba pengo. Hiyo ndiyo sababu mimba ikija mapema mtoto hudhoofu, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Maziwa yako hayajachacha. Kama mimba haina matatizo mrudishe ziwani, na wewe mwenyewe ongeza mlo.

Kesho mpeleke kliniki na kadi yake. Watampima uzito na kumzungushia utepe mkononi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali na kuna chakula cha dawa. Mbonyeze miguu yote miwili kwa kidole: pakibaki shimo, usisubiri kesho. Na baba wa mtoto aende nawe, asikie kutoka kwa muuguzi.

Mimi ni baba, mtoto ana miezi kumi. Nina laki mbili za kumnunulia vichezeo vya kukuza akili. Nichague vipi? (Mwanza)

Asante kwa kuandika, akina baba mnaniandikia wachache.

Mwaka 1986 jijini Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka 2, akimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye hao waliochezewa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa hivyo.

Kwa hiyo tafuta chupa ya plastiki, tia maharage, funga kifuniko kwa nguvu na ukizungushie gundi asikifungue. Mpe bakuli mbili na mwiko. Visoda hapana, atavimeza. Ukirudi jioni, acha simu mlangoni, kaa sakafuni, jifunike uso kwa khanga ya mama yake kisha ujifunue. Atacheka. Rudia mpaka achoke yeye, si wewe. Ile laki mbili nunua chandarua kama cha zamani kimetoboka, inayobaki nunua mayai trei kwa trei.