Nyumbu wanaokufa maji Mto Mara: je, ni hasara?

Swali: Ninaongoza watalii kaskazini mwa Serengeti. Wageni wakiona mizoga ya nyumbu imejaa kwenye kona ya Mto Mara, huuliza kama hiyo si hasara tupu kwa hifadhi. Juzi mmoja alinijibia kwamba nishati yao "inarudi ardhini". Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, mgeni wako kachanganya mambo mawili. Nishati hairudi ardhini. Nyasi huipata kwa jua, nyumbu huipata kwa nyasi, na sehemu kubwa huishia kwenye kupumua, kutembea na kuupasha mwili joto. Joto hilo likishatoka, hakuna jani litakalolitumia tena. Ile asilimia 10 ya vitabu vya shule, inayosemekana kupita kwa mlaji anayefuata, ni makadirio tu. Kwa wanyama wa damu moto kinachogeuka mwili ni kidogo zaidi. Mamba hapashi mwili wake kwa chakula, ndiyo maana anaweza kukaa miezi bila kula na simba hawezi.

Kinachozunguka ni virutubisho: nitrojeni, fosforasi, kalisi na wenzake. Virutubisho havimaliziki kwa kutumika. Vinahama tu, na anayevihamisha mara nyingi ana miguu minne.

Mto Mara umepimwa vizuri. Takwimu za mwaka 2001 hadi 2015 ziliwapa watafiti wastani wa nyumbu wapatao 6,200 wanaokufa maji kila mwaka, zaidi ya tani 1,000 za mizoga. Nyama huisha kwa wiki chache. Tumbusi na korongo hubeba sehemu yao, na mamba hula kidogo kuliko wageni wanavyodhani: wamekwisha kushiba. Samaki ndio wanaofaidi. Wakati wa mizoga, theluthi hadi nusu ya chakula cha samaki wa kawaida wa mto huo hutokana na nyumbu.

Halafu hubaki mifupa, na hapa ndipo ningewasimamisha wageni. Maji yakipungua, waonyeshe kwa darubini mfupa ulio kwenye maji ya kina kifupi: umevaa utando wa utelezi, mwani na bakteria. Samaki huula utando huo hata nyumbu wakiwa wako kusini huko Ndutu wanazaa. Fosforasi nyingi ya mzoga imo ndani ya mifupa, nayo huchukua kama miaka 7 kuyeyuka yote. Mizoga ya mwaka huu bado italisha mto wageni hao wakiwa wameshasahau safari.

Usiwaambie, hata hivyo, kwamba virutubisho vingi ni heri siku zote. Viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya hula nyasi usiku na kushinda majini mchana, wakiuachia mto kinyesi cha tani 36 hivi kwa siku. Mto ukiwa mdogo, kinyesi hutuama kwenye madimbwi yao, bakteria wakamaliza oksijeni. Mvua kubwa ikishuka, maji hayo mazito husukumwa chini, kwenu, na samaki hufa wengi kwa mpigo. Ukiwakuta wanaelea baada ya mto kujaa ghafla, kabla hujasema wametiliwa sumu, uliza kwanza hali ya madimbwi ya viboko huko juu.