Tairi bado lina mifereji, mbona linateleza?

Swali: Habari fundi. Nina Hilux, nabeba mazao kati ya Kasulu na Kigoma mjini. Tairi zangu ni za lami na bado zina mifereji, lakini mvua ikinyesha kwenye barabara ya udongo naserereka tu. Za nyuma zinaunguruma kwenye lami. Fundi wa hapa anataka anichongee mifereji iende chini zaidi. Nikubali?

Jibu: Usikubali, ndugu yangu. Chini ya mfereji umebaki mpira wa milimita chache tu kabla ya nyaya za chuma. Kisu kikila mpira huo, maji yanapenya, nyaya zinashika kutu, na siku ya jua kali na mzigo mzito mpira wote wa juu unabanduka. Tairi za kuchongwa zipo, ni za malori na mabasi, nazo zimeandikwa REGROOVABLE ubavuni. Kama lako halina maandishi hayo, lisiguswe.

Tena kina siyo shida yako. Mifereji ya tairi la lami huzunguka tairi zima ili kuondoa maji kati ya mpira na barabara, na ni myembamba. Udongo mwekundu wa huko ukiloa hunata, unaijaza mara moja, na kuanzia hapo unaendesha kipara hata kama tairi ni jipya. Tairi la tope (M/T) lina nafasi pana kati ya meno na mabega (kingo za nje za uso wa tairi) yaliyo wazi, kwa hiyo gurudumu likizunguka tope linarushwa nje. Ubaya wake: kelele, kuisha haraka, na kushika vibaya lami yenye maji. Kwa safari zako za lami na udongo, funga A/T, yaani tairi la kati linalofaa lami na udongo. Na wenzetu wa Sikonge wasidanganyike na meno makubwa: mchangani yanachimba shimo. Kule punguza upepo, mfano kutoka psi 30 hadi 20, nenda polepole, kisha jaza tena kabla ya kuingia lami.

Kuhusu muungurumo, pitisha kiganja juu ya meno kwenda mbele, halafu kurudi nyuma. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza, kila jino limelika ukingo mmoja. Angalia shokapu na alaimenti, na hamisha tairi za mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Pikapu ina ugonjwa wake pia: unajaza upepo wa mzigo, unarudi mtupu, katikati ya tairi panaisha. Yakiisha mabega yote mawili, upepo ulikuwa mdogo.

Kupima: tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo begani. Usawa huo ndani ya mfereji kuna tuta la mpira lenye kimo cha milimita 1.6, meno yakilingana nalo, tairi limekwisha. Kwa mvua za huko mimi ningebadilisha kwenye milimita 3. Kwa kanuni ya makadirio iliyotokana na majaribio ya NASA, kipara chenye psi 30 huanza kuelea juu ya maji karibu na kilomita 90 kwa saa. Psi ikiwa 20, karibu na 75. Vipele vidogo chini ya mfereji siyo alama ya kuisha, vinazuia kokoto zisizame. Zilizonasa zing'oe kwa bisibisi butu, maana zikiachwa zinatoboa kuelekea kwenye nyaya.

Pesa ikitosha tairi mbili tu, mpya zifungwe nyuma. Mbele ikiteleza, gari linaenda moja kwa moja na unalihisi kwenye usukani; nyuma ikiteleza, linageuka kabla hujajua.