Kompyuta ya mezani inapojirestati yenyewe: niliyojifunza kwenye steshenari yangu

Mwanachuo alikuwa amekaa pembeni yangu anasahihisha kurasa za mwisho za ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na saa sita mchana alitakiwa awe ameshaikabidhi, imeprintiwa na kubaindiwa. Alipofika kwenye marejeo kioo kikawa cheusi. Feni zikanyamaza kama sekunde moja hivi, zikaanza kuvuma tena, na nembo ya mtengenezaji ikatokea kana kwamba ndiyo kwanza nimewasha mashine. Hakukuwa na ujumbe wala kioo cha bluu, kile ambacho Windows huonyesha ikianguka. Kurasa sita zilikuwa hazijaseviwa. Asubuhi ile ilijirudia mara tatu zaidi, mpaka kijana akachukua flashi yake akaenda duka la jirani. Iliniuma, maana alikuja kwangu kwa kuniamini.

Nilikaa miezi miwili natibu ugonjwa usiokuwepo. Fundi wa kwanza aliweka Windows upya. Ikatulia siku mbili, ya tatu ikarudi kulekule. Wa pili akasema ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikanunua ramu. Hali haikubadilika. Sisemi mafundi wale hawajui kazi. Kila nikiwapelekea mashine waliiwasha mezani kwao na ikashinda kutwa nzima bila tatizo. Kwa fundi nzima, kwangu mgonjwa. Mashine ni ileile na Windows ni ileile. Kilichobadilika ni mahali tu. Lakini kwa wakati ule sikuliwaza hilo, niliwaza kipuri gani kinafuata.

Kilichonitoa gizani ni daftari. Nilichukua lile la madeni, nikapiga mistari kurasa za nyuma, na kila inapojirestati nikawa naandika: saa, kazi niliyokuwa nafanya, vitu gani vingine vimewaka, na kama imejiwasha au imezima ikabaki imezima. Wiki moja tu. Ilijirestati mara 11, na katika hizo, mara 9 ilikuwa muda mfupi baada ya mtu kuiamsha mashine ya fotokopi iliyokuwa imelala.

Fotokopi na printa za leza zina sehemu ya ndani inayopashwa joto ili ile tona ya unga iyeyuke na kushika kwenye karatasi. Ikiwa imepoa, sehemu hiyo huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na kwa mashine nyingi ni wati mia kadhaa hadi 1000 au zaidi. Mimi nilikuwa nimechomeka fotokopi, kompyuta na kioo kwenye ekstensheni moja. Nikamwomba dada anayenisaidia dukani abonyeze kitufe cha fotokopi huku mimi nimeitazama taa ya darini. Ikasikika "tik" ndani ya fotokopi, taa ikafifia kidogo sana, kama mtu anayepepesa jicho, na kompyuta ikazima. Nilipoishika plagi ya ekstensheni ilikuwa ya moto. Nikaichomoa: plastiki iliyozunguka pini moja ilikuwa imegeuka kahawia, na pini yenyewe ina weusi wa kuungua. Pini isiyokaza hivyo huzuia umeme kupita vizuri, na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo umeme unavyoshuka kwa vyote vilivyochomekwa hapo. Pia ni njia ya kuunguza duka. Tafadhali, kabla hujafungua kompyuta, zishike plagi zako kwa nje baada ya saa moja ya kazi. Ikiwa ya moto, badilisha.

Nikaitupa ekstensheni ile, kompyuta ikapata soketi yake ukutani. Wiki iliyofuata ilijirestati mara mbili tu. Ningeweza kuridhika hapo, lakini mara mbili kwa wiki bado ni kazi za watu wawili kupotea.

Nikaigeukia pawa saplai, kisanduku kilicho ndani ya kasha kinachogawia kompyuta umeme. Pawa saplai isiyo mbovu ina kapasita kubwa, vipuri vinavyotunza akiba ndogo ya umeme. Umeme ukikatika ghafla, akiba hiyo huishikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20, kwa hiyo akiba inakaribia wimbi moja zima. Ni muda ambao jicho haliuoni, ila unatosha kuvuka yale mashituko madogo ya umeme yanayotokea kutwa. Kapasita zikizeeka kwa joto na miaka, akiba inapungua. Taa inapepesa kidogo, redio inaendelea kuimba, kompyuta inaanguka. Ndiyo maana "mbona vitu vingine havikuzima?" si ushahidi kwamba umeme hauhusiki.

Nikaazima pawa saplai kwenye kompyuta ya shemeji. Wiki mbili, kimya. Kisha nikafanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: niliirudisha ya zamani. Siku ya pili yake ikajirestati. Hapo nikajua kwa hakika, kwa sababu ugonjwa uliondoka na kile kipuri na ukarudi nacho.

Sasa, ya kwako huenda si pawa saplai. Kwa hiyo anza kwa kuiuliza Windows yenyewe, ni bure. Andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia, fungua "Windows Logs" kisha "System", utafute saa ileile uliyoiandika kwenye daftari. Ukikuta namba 1074, kuna programu iliyoamuru kompyuta iwashwe upya, mara nyingi ni masasisho ya Windows, na jina lake limeandikwa hapohapo. Usimlipe fundi kwa hilo. Ukikuta 41 yenye jina la Kernel-Power, Windows inakuambia tu kwamba iliamka ikakuta haikuzimwa kwa utaratibu. Watu huisoma 41 kama uthibitisho wa pawa saplai mbovu, na si kweli. Ifungue kwa undani uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mara nyingi ni umeme uliopotea ghafla au mashine iliyoganda kabla haijaandika chochote. Ikiwa ni namba nyingine, Windows yenyewe ilianguka, na hapo ndipo pa kushuku ramu au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa.

Inawezekana pia kioo cha bluu kinatokea ila kompyuta inajiwasha upesi mno hukioni. Andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kisha "Startup and Recovery", uondoe tiki kwenye "Automatically restart". Siku nyingine ikianguka itasimama pale na maandishi yake. Yapige picha kwa simu.

Joto nalo lina tabia yake. Kompyuta iliyopata joto kupita kiasi kwa kawaida hujipunguza kasi kwanza, ikizidiwa inazima, na ukiiwasha saa hiyohiyo inazima mapema zaidi ya mwanzo. Fungua ubavu wa kasha uone vumbi kwenye bati la kupoozea prosesa. Lisafishe kwa brashi laini ya rangi au blowa, ila zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na upepo. Kama pesti iliyo kati ya prosesa na bati imekauka ikawa kama chokaa, ifute na uweke mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Ramu: zima, chomoa waya wa umeme, toa vipande, safisha meno yake ya dhahabu kwa ufutio safi, rudisha mpaka usikie vimejifunga. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi uiache ipime usiku kucha. Hata kosa moja ni kosa, ramu nzima haikosei. Ningeanza na kipimo hiki, ningekuwa sijanunua ile ramu.

Kitu kingine kidogo ambacho husahaulika ni kitufe cha riseti kilicho mbele ya kasha. Kikiingia uchafu kikakwama, kompyuta inajirestati bila sababu unayoiona. Chomoa waya wake mwembamba kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), mara nyingi umeandikwa "RESET SW", utumie mashine siku chache bila hicho kitufe. Ukiwa humo ndani, mulika pia kapasita zilizo karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kilichotuna au kuvuja utomvu wa kahawia kinakuonyesha kwamba mazabodi inachoka.

Kuhusu kupima pawa saplai kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: waya wake wa njano unatakiwa usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma nje ya hapo, pawa saplai ni mbovu. Ikisoma vizuri, hujathibitisha uzima wake, maana multimita ya kawaida haina kasi ya kuona mshituko wa milisekunde chache. Yangu ilisoma 12.1 siku zote. Na pawa saplai yenyewe usiifungue hata ukiwa umeichomoa, zile kapasita hubaki na umeme wa kumdhuru mtu.

Ukienda kununua nyingine, soma kibandiko chake. Usiishie kwenye wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta ampea za laini ya volti 12 uzidishe. Ampea 18 mara 12 ni wati 216 tu, hata kama juu wameandika 500. Beba na ya zamani mkononi ulinganishe plagi, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisini za mtumba zina plagi za aina yake ambazo pawa saplai ya kawaida haiingiliani nazo. Ukipata na UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, chomeka humo kompyuta na kioo tu. Fotokopi na printa ya leza visiguse UPS ndogo.

Jambo la mwisho ni subira. Mashine iliyokuwa ikijirestati kila baada ya saa mbili, ikishinda kutwa imetulia umepata jibu. Iliyokuwa inajirestati mara moja kwa wiki, siku tatu za utulivu hazisemi kitu. Yangu baada ya ekstensheni mpya ilikuwa inaanguka mara mbili kwa wiki, kwa hiyo nilipoweka pawa saplai mpya nilijipa mwezi mzima, daftari likiwa wazi pale mezani. Ukurasa ule una tarehe tu, hauna kitu kingine.