Mumeo ana haki ya kuuliza

“Shikamoo shangazi. Nina umri wa miaka 27, nimeolewa na tuna mtoto mmoja. Miezi miwili iliyopita nilipata kazi yangu ya kwanza ya ukatibu muhtasi katika ofisi ya mawakili, Upper Hill, Nairobi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi. Badala ya kufurahi, amekuwa mkali. Nikichelewa kufika nyumbani Umoja ananihoji kama polisi. Juzi alitaka kuona barua ya kazi nikakataa, maana yeye si bosi wangu. Naamini mamake, anayetulelea mtoto, ndiye anayemtia maneno. Bosi wangu ana huruma. Hunifikisha kwa gari lake hadi langoni kwetu kwa vile ni njiani akienda kwake Karen. Je, nihame nijenge kazi yangu kwa amani?”

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kazi, najua wangapi wanazunguka mji huu na bahasha za vyeti hadi soli zinaisha. Pole pia kwa uchovu. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mumeo simwoni na kosa.

Umoja iko mashariki, Karen iko magharibi. Mtu wa Karen akitoka Upper Hill hushika Barabara ya Ngong. Wewe hushukia mjini ukapanda matatu ya Jogoo Road. Hiyo njia moja mnaipitia wapi? Mumeo hupima vyuma siku nzima, anajua kilichonyooka na kilichopinda. Hahitaji mamake amwambie.

Tena hukutaja aliyelipa karo ya chuo. Ungelipa mwenyewe, ungeniambia katika mstari wa kwanza. Aliyelipa ni yule anayerudi na macho mekundu kwa cheche za moto, na leo akiuliza unaona anakusumbua. Mgala muue na haki yake mpe.

Sasa hiyo barua ya kazi. Nashuku hukumnyima kwa sababu si bosi wako. Umemnyima kwa sababu huna. Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, sikiliza: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Ndani yake kuwe na mshahara na saa za kazi. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi 6, na kikiongezwa ni kwa kukubaliana nawe. Ofisi ya mawakili haiwezi kusema haijui hayo.

Mimi nilisomea kazi hii enzi za taipureta. Mwalimu alitufunika mikono kwa leso, vidole vya shahada vikiwa juu ya F na J, tukapiga chapa bila kutazama. Hati mkato nimeisahau nusu. Ambalo sijasahau ni siri: mambo ya wateja hayafiki nyumbani, na mambo ya nyumbani hayafiki mezani pa bosi. Wewe umegeuza. Huruma yake ilianzaje, kama hukumsimulia ya chumbani kwako?

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Watu wanalala kitanda kimoja, simu zimefungwa kwa nambari za siri, mishahara haijulikani, na swali dogo la mume au mke linaitwa uonevu. Halafu mgeni mwenye gari zuri anakuwa ndiye mwelewa. Usiache mbachao kwa msala upitao, binti yangu.

Usihame. Kesho mwandikie bosi barua fupi uombe mkataba, ubaki na nakala. Kazi ya usiku ikizuka, omba ofisi ilipe teksi kwa vocha, kama matumizi mengine ya ofisi. Akikataa vocha lakini yuko tayari kukuendesha mwenyewe hadi Umoja, anza kutuma maombi kwingine mara moja. Kasi ya vidole vyako utaondoka nayo.

Mama mkwe mpelekee kitenge siku ya mshahara, kwa mikono miwili. Mtoto wako anaoga na kula kwa sababu yake.

Na leo usiku, kabla ya kulala, mwambie mumeo kuhusu hilo gari, tangu siku ya kwanza ulipolipanda. Akipandisha sauti, mwache aseme hadi amalize.