Feni ya bafuni inanguruma na mvuke hautoki: nitengeneze nini kwanza?

SWALI: Habari fundi. Feni ya kutolea hewa iliyo kwenye dari ya bafu letu imeanza kunguruma, na siku nyingine haizunguki mpaka niisukume kwa kijiti. Hata ikizunguka, kioo kinabaki na ukungu, na dari imeota madoa meusi. Nilipochungulia juu ya dari nikakuta haina bomba lolote, inapuliza humohumo. Fundi mmoja kanishauri niiunganishe na bomba la hewa la choo, lile linalotokeza juu ya paa, kwa kuwa liko karibu. Mwingine anasema ninunue tu feni kubwa zaidi. Nimsikilize nani?

JIBU: Wote wawili waache, na wa bomba la choo umkatae kwanza. Bomba lile limewekwa ili gesi za maji taka zipande zikatokee juu ya paa, na ili hewa iingie maji yanapoporomoka bombani, yasivute yale maji machache yanayobaki kwenye kona ya U chini ya sinki na choo. Maji hayo machache ndiyo yanayozuia harufu isirudi ndani. Ukiunganisha feni hapo, ikizimwa gesi zinapata njia ya kushuka bafuni, kwa sababu kile kilango chepesi cha feni hakizibi gesi. Ikiwashwa, inasukuma hewa kwenye mfumo wa maji taka. Ndani ya gesi hizo kuna methani, ambayo huwaka, na hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikizidi ni sumu.

Sasa feni yenyewe. Acha kuisukuma kwa kijiti. Mota yenye umeme lakini haizunguki hupata moto haraka, na juu yake pengine pamejaa vumbi kavu la miaka. Zima umeme kwenye swichi kuu, si ya ukutani pekee: ikiwa aliyefunga nyaya aliipitisha swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto, feni itakuwa imesimama huku nyaya zake zingali na umeme. Hakikisha kwa testa kabla hujagusa kitu.

Kava nyingi hushikwa na springi mbili. Vuta chini, zibane, itatoka. Kava ioshe kwa maji na sabuni. Mota na mapanga yasafishe kwa brashi kavu, bila maji. Kisha zungusha mapanga kwa kidole. Yakiendelea kuzunguka kidogo yenyewe, shafti (mhimili wa mota) haijakwama. Yakikwama papo hapo, bushi, yaani zile pete zinazoishika shafti, zimekauka. Weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kila upande wa shafti, zungusha kwa mkono mpaka yaingie, futa yaliyozidi. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, hugeuka gundi. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu nayo huwadanganya wengi: feni huzunguka vizuri kwa muda mfupi, halafu inarudia palepale, kwa sababu dawa imeosha hata mafuta yaliyokuwa yamesalia. Shafti ikicheza kushoto na kulia ukiitikisa, bushi zimekwisha. Badilisha mota au feni nzima.

Ikiwa mapanga ni mepesi lakini feni bado inanguruma bila kuanza, tafuta kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza. Feni nyingi ndogo hazina. Yako ikiwa nayo, nunua yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya zamani. Na feni iliyo kimya kabisa, huku umeme unaifikia, mara nyingi imekata fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili. Wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya. Usikubali. Fyuzi hiyo ilikatika kwa sababu mota ilichemka, na ukiiruka, safari ijayo kitakachoungua ni dari.

Hata hivyo, mota ikipona madoa yako hayataisha, kwa sababu hewa haina pa kwenda. Mvuke unaopulizwa juu ya dari hukutana na paa lililopoa usiku, unageuka maji, unadondokea mbao na ubao wa dari. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya hayo madoa inatoka juu.

Bomba la feni lazima liishie nje ya nyumba, ukutani au juu ya paa, kokote kuliko karibu. Usilimalizie chini ya ukingo wa paa penye matundu ya hewa, maana mvuke utafyonzwa urudi ndani. Kipenyo kisipungue kile cha mdomo wa feni. Feni nyingi za nyumbani ni milimita 100, na ukibana bomba njiani unapoteza nguvu uliyoilipia. Bomba gumu na laini ndani ndilo zuri. Ukilazimika kutumia lile la kukunjika, livute mpaka linyooke na ukate lililozidi, kwa sababu mikunjo yake huivunja kasi hewa. Kona nazo zipunguze; kona moja ya nyuzi 90 huizuia hewa kama mita kadhaa za bomba lililonyooka. Lielekeze bomba chini kidogo kuelekea nje, ili mvuke unaogeuka maji ndani utoke badala ya kurudi kwenye mota. Maungio yafunge kwa tepu ya aluminiamu.

Mwisho wa bomba weka kifuniko chenye ulimi unaofunguka hewa inapotoka. Wavu ukiuhitaji kwa ajili ya ndege, uwe wa matundu makubwa. Mwembamba huziba kwa vumbi. Angalia pia kilango kilicho kwenye feni yenyewe: skrubu iliyopenya bomba hapo huuzuia ulimi wake kufunguka, na hilo huonekana tu ukiutikisa kwa kidole kabla ya kufunga. Nafasi kati ya boksi la feni na dari izibe kwa silikoni, la sivyo feni itavuta hewa ya juu ya dari badala ya ya bafuni.

Kabla ya kufikiria feni kubwa, piga hesabu. Bafu la mita 2 kwa 2.5, lenye kimo cha mita 2.4, lina mita za ujazo 12. Hewa ikibadilishwa mara 8 kwa saa, kipimo kinachotumika sana, unahitaji mita za ujazo 96 kwa saa. Chagua inayozidi hapo kidogo, kwa sababu bomba litapunguza.

Baada ya kufunga, shika karatasi ya chooni kwenye kava, mlango ukiwa umefungwa. Inapaswa kunata yenyewe. Ikianguka, fungua mlango kidogo ujaribu tena. Ikinata sasa, feni haina kosa, ila hewa haina pa kuingilia, sawa na kunyonya hewa ndani ya chupa. Punguza mlango chini, ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi.

Lakini kama kuna hita ya maji ya gesi inayovuta hewa ya humohumo bafuni au chumba cha jirani, usiendelee kabla fundi wa gesi hajaipima. Feni yenye nguvu inaweza kurudisha ndani moshi wa hita, na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu.

Feni iache izunguke dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga. Sehemu ya dari iliyolainika ikate ubadilishe. Iliyo ngumu isafishe, isubiri ikauke kabisa, ndipo upake rangi.