Rekebisha ritani ya kodi sasa, usingoje pesa ziingie

Dada, nimekuelewa: uliwasilisha ritani Juni ukaomba kurudishiwa kodi ya shilingi 18,400, kisha mwajiri wako wa zamani akakutumia P9 iliyosahaulika, ile fomu ya mshahara na kodi uliyokatwa.

Usinyamaze. Ingia iTax, tovuti ya KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), chagua ritani ya marekebisho ya mwaka uleule, ujaze P9 zote mbili. Afisa wa KRA lazima aidhinishe, kwa hiyo weka nakala na risiti zote. Usiombe kurudishiwa mara ya pili. Nenda Times Tower, makao makuu ya KRA Nairobi, na namba ya ombi la kwanza uwaeleze kiasi kimebadilika.

Kagua nafuu ya kodi, hiyo shilingi 2,400 unayopunguziwa kodi kila mwezi. Mimi nilihama kazi Agosti, waajiri wote wawili wakanipa nafuu ya mwezi huohuo, ilhali nilistahili moja tu. Nilikuwa nishapigia hesabu sofa ya Gikomba, kumbe ni mimi niliyedaiwa! Ukijikuta unadaiwa, lipa upesi: riba ni asilimia 1 kwa mwezi, mbali na faini.

Kama pia una biashara au nyumba ya kupangisha, mlipe mhasibu aliyesajiliwa. Wale wa saiba (maduka ya intaneti) wanaojaza kwa mia mbili, hapana. Na nywila usimwachie mtu.